Ufa wa Nani, Ukuta wa Nani?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumelishwa tangu shule ya msingi, lakini tuulizane: huyo anayeambiwa "utajenga" ni nani hasa? Methali inadhani aliyepuuza ufa ndiye atakayebeba mawe. Maisha hayaendi hivyo.

Chukua daraja la reli la Kinzua, kule Pennsylvania, Marekani. Lilijengwa mwaka 1882 kuvuka bonde, mita 92 kwenda juu. Wakati huo hakuna daraja la reli duniani lililolishinda kwa kimo. Treni zilipozidi uzito, mwaka 1900 likajengwa upya kwa chuma imara zaidi. Lakini bolti za zamani, zile za kushikilia minara kwenye msingi, zikaachwa palepale. Si bado zilikuwa zinashika?

Kutu haina haraka. Mwaka 1963 serikali ya jimbo ililinunua daraja, na kuanzia 1987 kampuni ndogo ya reli, Knox and Kane, ikawa inawapeleka watalii huko. Mwaka 2002 daraja likafungwa kwa treni, na Februari 2003 mafundi wakaanza kulikarabati. Wakachelewa. Tarehe 21 Julai mwaka huohuo kimbunga kikapita, minara 11 kati ya 20 ikalala chini. Wachunguzi wakakuta zile bolti zimeliwa na kutu.

Sasa tupige hesabu. Walioacha bolti mwaka 1900 walishakwenda zao. Serikali iliamua kutolijenga upya, na mwaka 2011 ikafungua njia ya kutembea juu ya kipande kilichobaki, na sakafu ya kioo mwishoni, watu wachungulie bonde na vyuma vilivyoanguka. Pesa za umma zina kazi nyingi, siwezi kuilaumu. Lakini Knox and Kane, iliyotegemea lile daraja kuvuta abiria, ilisimamisha safari mwaka 2004. Ufa haukuwa wake. Ukuta ukamwangukia yeye.

Hapo ndipo methali yetu inapotuacha njiani. Inatufundisha kuziba ufa kwa kujiogopea sisi wenyewe. Sasa mjanja anayejua kwamba ukuta utaanguka akiwa ameshahama utamwambia nini? Atapaka rangi, atachukua chake, ataondoka. Na tusidanganyane, hesabu yake iko sawa kabisa.

Kwa hivyo busara peke yake haitoshi. Ufa unazibwa kwa sababu ni haki ya mtu mwingine, mtu ambaye pengine hajazaliwa, ambaye atapita juu ya bolti zetu bila kujua ziko vipi. Sisi vijana tunaolipia madeni ambayo hatukuyakopa tunaelewa uchungu wake. Swali ni kama tutaukumbuka siku ambayo bolti zitakuwa mikononi mwetu, na bado zinashika.