Samaki Mbichi na Mbegu ya Mkoko

Wahenga walituachia methali mbili za malezi ambazo hazitoki midomoni mwetu: samaki mkunje angali mbichi, na udongo uwahi ungali maji. Nilizitegemea miaka mingi nilipokuwa mlezi wa Utoto Mtakatifu, shirika la Kikatoliki la watoto, katika parokia moja ya Mtwara. Siku hizi zinanitia shaka. Samaki anayekunjika vizuri amekwisha kufa. Udongo nao haukui, unangoja mkono wa mfinyanzi. Kama fadhila ni kitu tunachomkunjia mtoto, basi ni yetu sisi tuliokunja, mtoto hana chake.

Shaka hiyo ilinianzia matopeni. Tuliwapeleka watoto kupanda mikoko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ile iliyoanzishwa mwaka 2000. Mafundisho ya mwezi ule yalihusu fadhila nne za kiutu: busara, haki, nguvu na kiasi. Darasani walizitaja bila kukosea hata moja. Ili kuwachangamsha, nikatangaza zawadi: atakayepanda mbegu nyingi kuliko wenzake kabla maji hayajaanza kujaa atapata daftari na kalamu.

Mbegu ya mkoko haichimbiwi shimo. Ni ya kijani, ndefu kama rula, na ina ncha. Unaishika katikati, unaisukuma topeni mpaka theluthi yake izame, kisha unabana tope kuizunguka kwa vidole. Ukifanya haraka itasimama, lakini kwa macho tu. Muda si muda watoto walikuwa wanachomeka mbegu kama mishumaa kwenye mchanga, wanakimbia, wanahesabu kwa sauti. Mmoja akanyakua za jirani yake. Nyuma ya wote alikuwako binti wa miaka tisa hivi, amepiga magoti, anabana upya mbegu zilizoachwa na wenzake. Nikamwambia aharakishe. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Hizi zitalala, Mwalimu." Akawa wa mwisho. Daftari nikampa mwingine.

Bamvua ilipopita tukarudi. Mbegu nyingi zilizobaki wima zilikuwa kwenye mstari alioupitia yeye.

Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki, kama mjenzi anavyojifunza ujenzi kwa kujenga. Hiyo ni sababu njema ya kuwatoa watoto darasani. Lakini aliweka masharti ambayo sisi walezi huyaruka: mtendaji ajue anachotenda, akichague kwa ajili ya wema wake wenyewe, na akitende kwa moyo ulio imara. Zawadi yangu ililivunja sharti la pili. Watoto walitenda, tena kwa bidii, ila walichokuwa wanakizoea ni kushinda. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kambi, matembezi na michezo ya timu vyenyewe tu hujenga maadili. Hujenga kile kinachohesabiwa, na anayeamua kihesabiwe nini ni mlezi.

Ufuko basi una nini ambacho ukumbi wa parokia hauna? Una maji. Ukumbini mlezi ndiye anayesema nani amefanya vema, na watoto hujifunza upesi kumsoma uso. Bahari haina uso wa kusomwa. Mbegu iliyobanwa inabaki na isiyobanwa inaelea, awe aliyeipanda ni mtoto wa katekista au wa mvuvi.

Kuna swali ambalo mlezi mwenzangu aliniuliza, na ni la haki: Ukatoliki hapo uko wapi? Mtoto wa madrasa angeweza kubana tope vilevile. Angeweza, na ninafurahi kwamba angeweza. Mtakatifu Thomas wa Akwino alizitofautisha fadhila tunazozipata kwa mazoezi na zile tatu ambazo Mungu mwenyewe humimina moyoni: imani, matumaini na mapendo. Mazoezi ya matopeni hayamzalishii mtoto mapendo. Lakini kuinamia kazi ya mwenzako, huku unajua utakuwa wa mwisho, tayari kumevuka mpaka wa kiasi na busara. Utoto Mtakatifu, tangu Askofu Charles de Forbin-Janson alipouanzisha Ufaransa mwaka 1843, umesimama juu ya jambo hilohilo: mtoto amsaidie mtoto ambaye huenda hatamwona kamwe.

Lilibaki sharti la kwanza, kujua. Binti yule alitenda bila kujua jina la alichotenda. Hapo ndipo Katekisimu inapopata kazi yake, na naamini inaipata baada ya tope, si kabla. Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado inaning'inia kwenye mti mama. Inapodondoka tayari ina uhai wake. Mpandaji haitii uhai. Anaisimamisha, anaibana isichukuliwe na maji.

Siku ile ya kurudi nilimwita pembeni nikamwomba radhi kwa habari ya daftari. Nikamwambia alichofanya kina jina, kinaitwa mapendo. Alinisikiliza kwa adabu, huku macho yake yakiwa kwenye mbegu zilizolala pale maji yanapoacha takataka. Kisha akaniuliza kama zile nazo zinaweza kupandwa tena.