Tulilisingizia Jua

Jirani yangu wa Bagamoyo, mama mtu mzima ninayemwamkia kila asubuhi, alikuwa na minazi minne nyuma ya nyumba. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua za vuli zilichelewa, Mto Ruvu ukapungua mpaka Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo wa maji. Mnazi mmoja ukaanza kudondosha nazi. "Ni jua hili, mwanangu," aliniambia. Nikaitikia bila hata kuinua macho, maana na mimi nilikuwa nimeshaamua hivyo. Akawa anaumwagilia maji ya kisima, akaweka jivu na chumvi shinani.

Ndugu msomaji, dalili zilikuwepo. Mnazi wenye kiu hupukutisha vidaka, na makuti ya chini hukauka yakaning'inia, lakini kuti changa la katikati hubaki wima na kijani. Huu ulidondosha vyote: vidaka, madafu, hata makoroma. Mkwezi aliposhuka alituonyesha karara alilolipasua. Maua ya ndani yalikuwa meusi kama yaliyobabuka kwa moto. Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka. Sisi tukamlipa, tukamshukuru, tukaendelea kumwagilia. Manjano yakaanza kwenye makuti ya chini yakipanda juu, kisha yakaonekana kwenye mnazi wa pili. Mvua za masika ziliponyesha, migomba ya uani ilichipua, minazi ikazidi kudhoofu. Kama ingekuwa kiu, ingeanza kupata nafuu.

Ulikuwa ugonjwa wa kunyong'onyea, unaoletwa na vimelea vidogo mno vinavyokaa ndani ya mishipa ya kupitishia chakula. Mti ukishaugua hauna dawa ya kuuponya. Na mnazi una kichilema kimoja tu kule juu. Kikioza, hauna pengine pa kuchipulia. Minazi mitatu ilikufa, vilele vikaanguka, vikabaki vigogo vimesimama kama nguzo.

Tukakosea tena. Tuliviangusha vigogo tukaviacha vioze pale pale, tukapanda miche kando yake. Mdudu aitwaye chonga hutaga mayai kwenye magogo yanayooza, na wanaozaliwa humo wakishakomaa huruka kwenda kutoboa vilele. Miche yetu ikawa inakunjua makuti yaliyokatwa pembetatu, kama kwa mkasi. Nasema "yetu" kwa sababu nilikuwepo tangu mwanzo, na neno langu moja lingeweza kumfanya mama yule atafute ushauri mapema.

Basi baada ya kiangazi kikali, mnazi wako ukibadilika rangi, usiuhukumu ukiwa barazani. Mwite mkwezi, mwombe apasue karara, mwulize kuti changa likoje. Ukiona maua meusi, usisubiri mvua. Mwite afisa ugani, au uliza kituo cha utafiti cha TARI Mikocheni, ambacho kinashughulika na minazi. Na gogo la mnazi uliokufa lisilale uani kwako hata msimu mmoja. Lipasue, ulichome.