Kitundu katika Ubao

Katika Injili ya Luka, sura ya 16, Yezu anafundisha ya kuwa uaminifu wa mtu hujulikana katika mambo madogo. Wanaokaa kando ya Ziwa Tanganyika, toka Uvira hata Kalemie na Moba, waweza kulielewa fundisho hilo upesi, maana wameona jinsi mashua ya mbao inavyoundwa.

Fundi akiisha kupigilia mbao katika mataruma, kazi yake haijaisha. Huizunguka mashua yote, akitazama ubao kwa ubao. Hapa fundo la mti limedondoka. Pale msumari ulipinda ukang'olewa. Pengine vijidudu vimetoboa. Tundu lenyewe ni kama punje ya mtama. Lakini ziwa lile lina kina kipatacho mita 1,470, na wakati wa kiangazi pepo za kusini huinua mawimbi makali. Huko katikati, usiku, maji hayaulizi ukubwa wa mlango.

Fundi mvivu hufanyaje? Hupaka lami juu ya tundu, na mashua hupendeza machoni. Chini ya lami, ubao ulioanza kuoza hushika unyevu na kuzidi kuoza. Siku lami ibandukapo, tundu la punje limekuwa tundu la ngumi.

Fundi mwema huchokora kwanza kwa ncha ya kisu, akiondoa ubovu wote hata aufikie mti mzima. Kisha huchonga kizibo cha mti mkavu wa namna ileile, akakipigilia kwa nyundo na kukata kilichozidi. Kizibo kikavu kikipata maji huvimba na kukaza. Kizibo kibichi kikikauka hunywea na kulegea. Nafasi zilizo baina ya mbao huzishindilia pamba yenye mafuta. Mwisho wa yote ndipo apakapo lami.

Ndivyo ilivyo kwa mkatekumeni. Ubatizo huondoa dhambi zote, dhambi ya asili na zile alizozitenda mtu mwenyewe. Je, yafaa mtu mzima aujie huku ameficha ubovu moyoni kwa kusudi? Hapana. Asiyetaka kuiacha dhambi yake huizuia neema.

Tazama mtu aliyezishika sala zote na Amri Kumi kwa kichwa, lakini nyumbani mwake umo wavu wa jirani, aliouokota ufukoni akanyamaza. Jirani ana watoto, na wavu ndio shamba lake. Mtu huyo aweza kujibu maswali yote ya Padri, hata kuvaa nguo nyeupe. Hiyo ni lami tu. Na aurudishe wavu kabla ya siku ya Ubatizo. Aibu ya jioni moja ndiyo ncha ya kisu: yauma, lakini yafika penye mti mzima. Zakeo hakuiogopa aibu hiyo. Mbele ya watu aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, na siku ileile wokovu ukaingia nyumbani mwake (Luka 19).

Hata baada ya Ubatizo kazi haikomi. Mashua iliyo njema hukokotwa ufukoni na kukaguliwa tena, kwa kuwa jua na mawimbi hufungua matundu mapya. Kwa Mkristu matundu hayo ni uongo mdogo, kijicho, masengenyo kisimani, kipimo cha unga kilichopunguzwa. Basi ajichunguze dhamiri kila jioni, na aonapo tundu aiendee sakramenti ya Kitubio mapema, wakati bado tundu ni dogo na ufuko u karibu.

Kusudi la juma hili: kila mkatekumeni atafute nyumbani mwake kitu kimoja kisicho chake, au moyoni mwake uongo mmoja usiosahihishwa. Akitengeneze kabla ya Jumapili, akimwomba Bikira Maria, Nyota ya Bahari, amfikishe salama ng'ambo.