Uzuri wa Mkakasi

Je, mtu asiyesema uongo kwa kinywa aweza kuusema kwa msasa? Swali hili nililiokota chini ya sakafu ya boti kuukuu, na hadi leo sijaweza kulitua.

Kuanzia mwaka 1986 nilikuwa dereva wa boti katika hoteli moja kaskazini mwa Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kuwavuta wageni waliokuja kuteleza kwa mbao za skii katika hori la Mtwapa. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997 watalii walipungua mno, hoteli ikafungwa, nami badala ya mishahara ya miezi saba nikapewa boti ile. Niliambiwa ni nzima. Kwa nje ilikuwa nzima.

Ikalala chini ya mkwaju miaka sita. Mwaka 2004 binti yangu alipopata nafasi ya kidato cha kwanza, nikaona wakati wa kuiuza umefika. Faibaglasi ilikuwa imepauka tu, lakini vyuma vilitia aibu. Vishikio, bawaba, pete za kufungia kamba, vyote vilikuwa na madoa ya kahawia, na zaidi ya vyote kile kinguzo cha katikati ambacho hubeba kamba ya kumvuta mtelezaji. Nikamwita fundi mmoja mzee aliyezeekea kazi ya vyombo vya majini.

Alianza na kinguzo. Alikunja karatasi ya foili, akailowesha maji, akasugua polepole. Kutu ikatoka kama tope. Alinieleza kwamba kromu ya mapambo ni vazi jembamba mno, haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na ina vitundu visivyoonekana kwa jicho. Maji ya chumvi hupenya humo, chuma cha chini kikaanza kuliwa, kutu ikavimba na kulibandua vazi. Kufikia alasiri kinguzo kilikuwa kinameta.

"Sasa niambie, mwanangu," akasema. "Unataka ing'ae, au unataka ivute?"

"Mzee, nataka iuzike."

"Basi nishikie taa."

Tukafungua kifuniko cha sakafu. Kinguzo kilishikwa na bolti nne zilizopita katika ubao uliofunikwa kwa faibaglasi. Hizo zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, na vichwa vyake viling'aa kama shilingi mpya. Mzee akaitia spana ya kwanza, akaizungusha kidogo tu. Ikakatika. Kipande alichonitilia kiganjani kilikuwa chembamba katikati kama kiuno cha nyigu.

Nilidhani nimedanganywa kuhusu aina ya chuma. La, chuma kilikuwa halisi. Chuma cha namna hiyo kina kromu ndani yake, angalau asilimia 10.5, nayo hujifanyia utando mwembamba wa kukilinda. Lakini utando huo huhitaji hewa ili ujirudishe kila unapokwaruzwa. Kichwa kilikuwa na hewa, kikabaki kizuri. Kiuno kilizikwa katika ubao mbichi wa maji ya chumvi, kikakosa pumzi, kikaliwa gizani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mnunuzi alikuwa aje Jumamosi. Alikwisha niambia kwamba ana watoto wawili wanaotamani kujifunza kuteleza. Usiku ule nilijitetea vizuri kuliko wakili. Sitasema neno la uongo, nilijiambia. Ana macho, na akague. Nami niliuziwa hivyo hivyo, kwa jasho la miezi saba. Na karo ya mtoto wangu, je, si haki?

Hoja hizo si za kipuuzi, na msomaji mwenye watoto hatazicheka. Tena yupo atakayeuliza: kwani kutengeneza kwenyewe si kufunika? Hata kromu ni vazi. Hata rangi ni vazi. Ni kweli. Nadhani tofauti haimo katika kufunika, imo katika kinacholindwa. Kifuniko kinachokilinda chuma dhidi ya chumvi ni kazi ya heshima. Kifuniko kinachomlinda mwenye chuma dhidi ya swali ni uongo, hata kama kinywa hakikufunguka. Kwa macho ni kazi moja, kwa foili ile ile na mkono ule ule.

Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa mnunuzi. Nilikumbuka kwamba kwa miaka kumi na mmoja nilikisugua kinguzo kile kila alfajiri kabla wageni hawajaamka. Sikufungua sakafu hata siku moja. Nilivuta watu kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, wake kwa waume, na vijana wadogo, kwa bolti ambazo huenda zilikwisha anza kukonda. Kama zingekatika, kamba iliyovutika ingekirusha kinguzo nyuma kama jiwe la manati, kuelekea usoni mwa yule aliyeishika. Sikumdanganya mtu, maana sikujua. Lakini mbona sikujua? Kwa sababu mng'ao ulinitosha. Aliyenipa boti ile huenda naye ulimtosha.

Jumamosi nilimpokea mnunuzi kwa kile kipande cha bolti mkononi. Aliitazama boti, akanitazama mimi, akapunguza bei karibu theluthi moja, na hiyo ikawa gharama ya kung'oa ubao na kutia bolti mpya. Binti yangu alichelewa shule majuma mawili kabla sijapata mkopo wa kujazia. Sikulipwa chochote kwa ukweli ule, na sitaki kujifanya nililipwa.

Kile kipande ninacho hadi leo, katika kopo la misumari. Kichwa chake bado kinang'aa. Kila ninapomsifu mtu kwa usafi wa sura yake, au mwenyewe ninaposifiwa, hukitoa nikakigeuza upande wa pili.