Lesoni ya 3: Siku Kumi za Danieli

Oktoba 11–17

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Dan. 1, 1 Fal. 19:1–8, Mhu. 12:12; Mk. 6:30–32; 1 Sam. 16:7, 1 Kor. 6:19, 20, Lk. 2:52.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 10:31. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi juma hili, kabla ya kugusa chakula na kabla ya kufungua daftari.

Mfikirie dada mmoja wa Ubaruku, wilayani Mbarali. Anauza mchele karibu na mashine za kukoboa mpunga, na hukaa kwenye kiti chake tangu asubuhi hadi jua kuzama. Zamani alimaliza kidato cha nne bila kufaulu. Sasa, akiwa mama wa watoto watatu, amejiandikisha kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, maana anatamani kusomea ualimu. Mtihani ni Novemba. Mwezi wa nane alipimwa presha kituo cha afya, akaambiwa iko juu na kwamba inampasa kupunguza uzito.

Akakata shauri kufanya yote mawili kwa nguvu zote. Atakula mara moja tu kwa siku, atasoma hadi saa nane usiku, na alfajiri atakimbia. Usingizi ukimzidi, atakunywa kinywaji cha kuongeza nguvu. Baada ya majuma mawili alishikwa na kizunguzungu akiwa anampimia mteja mchele. Usiku huo alisoma ukurasa mmoja wa usanisinuru mara tatu, na hakukumbuka kitu.

Wakulima wa Usangu wataelewa upesi kilichomtokea. Maji ya mfereji ni yale yale. Ukiyaelekeza yote kwenye jaruba moja, majaruba mengine yanapasuka. Juma hili tutajifunza kutoka kwa kijana aliyekuwa na mtihani mbele yake na sahani mezani pake, naye akavikabidhi vyote viwili kwa Mungu mmoja.

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato, Oktoba 18.

JUMAPILI, Oktoba 12
Nia Kabla ya Sahani

Soma Danieli 1:3–8. Danieli na wenzake walipelekwa Babeli kusoma nini, na kwa muda gani?

Mara nyingi tunaisoma sura hii kama habari ya chakula peke yake. Lakini iangalie vizuri: hii ni habari ya wanafunzi. Vijana hawa walipaswa kujifunza elimu na lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, na mwisho wake ulikuwa kusimama mbele ya mfalme ili kupimwa. Lugha ilikuwa ngeni, walimu walikuwa wageni, na hata majina yao yalibadilishwa. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema, “Mambo ya mwili nitayashughulikia baada ya mtihani,” ni Danieli.

Hakusema hivyo. Aya ya 8 inatuambia kwamba aliazimu moyoni mwake. Azimio lilikuja kwanza, kabla ya mabadiliko ya chakula. Tena azimio lake halikuhusu umbo lake wala sifa za watu, bali alikataa kujitia unajisi kwa sababu alikuwa mali ya Mungu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea hatua ya kwanza. Tunaanza na mizani. Tunapanda leo, tunashuka kwa huzuni, kesho tunajinyima, na keshokutwa tunajipa zawadi ya maandazi manne na soda kwa sababu tumechoka kujinyima. Mizani inaweza kutuambia uzito wetu, lakini haiwezi kutuambia sisi ni wa nani. Swali hilo linajibiwa na 1 Wakorintho 6:19, 20.

Unataka kupunguza uzito, au kuwa na afya, kwa ajili ya nani? Andika jibu la kweli, hata kama hutalisoma mbele ya darasa.

JUMATATU, Oktoba 13
Siku Kumi, na Wakanenepa

Soma Danieli 1:11–16. Ni jambo gani katika aya ya 15 linaloweza kumshangaza mtu anayetaka kupungua?

Danieli aliomba apewe mtama na maji. Neno la Kiebrania lililotumika hapo lina maana pana, yaani vitu vinavyotokana na mbegu zilizopandwa. Kwetu tungesema nafaka, maharage, kunde, njegere na mboga. Kisha akaomba ajaribiwe kwa siku kumi.

Baada ya siku kumi Biblia haisemi kwamba walikuwa wamekonda. Inasema nyuso zao zilikuwa nzuri zaidi na miili yao imenenepa kuliko wale waliokula chakula cha mfalme! Kwa hiyo mtu asiitumie sura hii kama ahadi ya kupungua kilo. Mungu aliwapa wanafunzi hawa kile ambacho miili yao ilikihitaji. Mmoja anahitaji kupungua, mwingine anahitaji kuongezeka, lakini wote wawili wanahitaji chakula kinachojenga.

Kwa dada yetu wa Ubaruku, chakula chema hakiko mbali. Mchele anao, na si dhambi kuula. Shida ilikuwa sahani iliyojaa wali hadi ukingoni, na kijiko kimoja cha mboga pembeni. Nusu ya sahani ikiwa mchicha, matembele au majani ya maboga, robo maharage na robo wali, atashiba bila kuzidisha. Chumvi kidogo itaisaidia presha, na maji yachukue nafasi ya soda. Asikae tena na njaa mchana kutwa, kwa maana ubongo peke yake hutumia karibu sehemu moja ya tano ya nguvu ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Anayejinyima chakula ili asome ni kama anayezima mashine kisha anataka mpunga ukobolewe.

Jambo moja zaidi: Danieli hakumficha msimamizi wake. Aliomba ruhusa na akakubali kupimwa. Mwenye presha, kisukari au mimba azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kubadilisha ulaji wake, wala asiache dawa alizoandikiwa.

Ni badiliko gani moja la sahani unaloweza kulijaribu kwa siku kumi, kuanzia leo?

JUMANNE, Oktoba 14
Malaika Hakuanza na Mahubiri

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Mungu alimpa Eliya nini kwanza kabla ya kuzungumza naye Horebu?

Eliya alikuwa amekimbia, amechoka, na amekata tamaa hata akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili kwa chakula kile kile. Ndipo nabii akapata nguvu za safari ya siku arobaini.

Msomaji wa usiku wa manane na aisikie habari hii. Wakati tumelala, ubongo unaendelea kuyapanga na kuyaimarisha yale tuliyojifunza mchana. Kwa hiyo saa za usingizi nazo ni saa za masomo. Aliyesoma hadi saa nane usiku na kuamka saa kumi na moja anakuwa amevuna mpunga na kuuacha shambani unyeshewe. Tena mtu asiyelala vya kutosha huongezewa hamu ya kula, hasa vitu vitamu, na hivyo anaharibu kwa usiku kile alichokijenga mchana. Sulemani naye alijua kwamba kusoma kwingi huuchosha mwili (Mhu. 12:12).

Soma pia Marko 6:30–32. Kazi ya wanafunzi ilikuwa njema, na watu walikuwa bado wengi, lakini Yesu aliwaita kando wapumzike.

Majuma ya mwisho kabla ya mtihani, jaribu hili huja hata kwa waumini: “Sabato hii moja tu nitasoma hesabu, Bwana anajua moyo wangu.” Ndiyo, anaujua, na anajua pia kwamba umechoka. Sabato ni zawadi kwa mwili na akili vilevile. Mwanafunzi anayeyafunga madaftari yake Ijumaa jua linapozama anakiri kwamba kesho yake haitegemei kurasa zake peke yake. Hilo ni tendo la imani, na kwa mwenye mtihani wa Novemba si jambo jepesi. Darasa limwombee.

Unalala saa ngapi? Ni kitu gani hasa kinachokunyang’anya usingizi: masomo, simu, au hofu?

JUMATANO, Oktoba 15
Miguu Inayokisaidia Kichwa

Waanzilishi wa kanisa letu walijifunza somo hili kwa maumivu. Agosti 1865, James White, mume wa Ellen White, alipatwa na kiharusi. Kwa miaka mingi alikuwa ameandika, amehariri, amesafiri na kuhubiri bila kupumzika. Alipelekwa kwenye nyumba ya matibabu huko Dansville, New York, ambako ushauri ulikuwa kwamba aache kazi zote, za akili na za mwili. Miezi ilipita, naye hakupata nafuu iliyotarajiwa. Mkewe akaona kwamba kukaa tu bila kazi kunamdhoofisha.

Mwaka 1867 walihamia kwenye shamba dogo Greenville, Michigan. Nyasi za mifugo zilipokuwa tayari, James alipanga kuomba majirani wamsaidie kuzivuna. Ellen akawatangulia, akawaomba wakatae. Hivyo baba, mama na mwana wao wakazivuna wenyewe. Jembe, jua na hewa safi vilifanya kazi ambayo kitanda hakikuifanya, na James akarudi kwenye huduma.

Mazoezi hayahitaji viatu vya bei wala ukumbi wenye mashine. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa juma, sawa na dakika 30 kwa siku tano. Kutembea kwa haraka kunatosha kuanza. Anayekaa kwenye kiti siku nzima akisubiri wateja anaweza kutembea kandokando ya mfereji alfajiri, huku akijikumbusha kwa sauti yale aliyosoma jana. Atashangaa jinsi kichwa kinavyofunguka miguu inapotembea. Asiye na muda wa dakika 30 atembee 10 mara tatu, na asianze kwa kukimbia mwili ulipokuwa umekaa kwa miaka.

Soma 1 Timotheo 4:8. Paulo hadharau mazoezi ya mwili, bali anayaweka mahali pake, chini ya utauwa. Tuyaweke hapo hapo.

Ni nani katika darasa lako anayehitaji mtu wa kutembea naye? Mtaanza lini?

ALHAMISI, Oktoba 16
“Amekonda, Ana Nini?”

Soma 1 Samweli 16:7. Mwanadamu anatazama nini, na Bwana anatazama nini?

Kuna mzigo ambao mizani haiupimi. Kwetu unene umehesabiwa kuwa neema. Mke akinenepa, mume anasifiwa kuwa anamtunza. Akipungua, jirani anauliza kama kuna amani nyumbani. Na katika Nyanda za Juu Kusini, ambako UKIMWI umewazika wengi, kukonda kunaamsha minong’ono: “Amekonda, ana nini?” Dada anayejitahidi kutii ushauri wa kituo cha afya anaweza kurudi nyuma kwa sababu tu ya maneno yaliyosemwa nje ya kanisa baada ya ibada.

Upande mwingine wako vijana wanaotazama picha kwenye simu na kuichukia miili yao. Hao hujinyima chakula si kwa ajili ya afya bali kwa aibu. Wanaonong’ona na wanaojichukia wamesahau jambo moja, kwamba Mungu haanzi na umbo.

Ndugu na dada, tuwe walinzi wa ndimi zetu. Mtu akipungua, usimchunguze. Kama ana virusi, mnong’ono wako hautamponya. Kama hana, umemjeruhi bure. Na katika mlo wa pamoja siku ya Sabato, anayesema “Inatosha, asante” asisukumiwe sahani ya pili ili kuthibitisha upendo.

Je, umewahi kusema neno juu ya mwili wa mtu ambalo leo ungetamani kulifuta? Utalirekebishaje?

IJUMAA, Oktoba 17

Jifunze Zaidi: Soma Luka 2:52. Kijana Yesu aliendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu. Akili, mwili, ibada na jamii vilikua pamoja, wala kimoja hakikuchomwa ili kingine kiote moto. Katika kitabu cha Huduma ya Uponyaji, kilichotolewa mwaka 1905, Ellen G. White anataja dawa nane za asili: hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula kinachofaa, matumizi ya maji, na kuutumaini uweza wa Mungu. Tazama kwamba pumziko na mazoezi vimo katika orodha moja.

Dada wa Ubaruku alibadilisha mpango wake. Sasa anakula mara tatu kwa kiasi, anafunga daftari saa nne usiku, na anatembea alfajiri na mama mmoja wa darasa lake la Shule ya Sabato. Uzito unapungua polepole, pengine polepole kuliko alivyotaka, na Novemba bado inamtia hofu. Danieli 1:17 inasema Mungu ndiye aliyewapa vijana wale maarifa. Walifanya sehemu yao, naye akafanya yake. Hata daraja litakalotoka liwe lipi, dada huyu hataingia kwenye chumba cha mtihani akiwa ameliharibu hekalu ili kulipata.

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini ni rahisi kwetu kumhubiria mtu juu ya chakula kuliko kumsindikiza katika matembezi ya alfajiri?

2. Mwanafunzi wa kanisa lako anatakiwa kuhudhuria masomo ya ziada siku ya Sabato. Zaidi ya kumwambia “simama imara,” darasa lako linaweza kumsaidia kwa vitendo gani juma lote?

3. Mtu amefuata kanuni zote za afya, lakini bado ni mgonjwa, au amefeli mtihani. Tutazungumzaje naye bila kumfanya ahisi kwamba imani yake ilipungua?

4. Kila mmoja ataje badiliko moja la siku kumi. Kisha gawanyikeni wawili wawili, na mkutane tena Sabato ya Oktoba 25 kuulizana hali.