Kanda la Usufi: Reli ya Mjini Ipite Juu au Chini?

Reli ikifika mjini, swali la kwanza ni la wahandisi: ipite usawa wa barabara, ipandishwe juu ya nguzo, au ichimbiwe handaki? Swali la pili ni letu sote, nalo ndilo gumu: nani abebe mzigo? Maana mzigo upo tu. Kuuhamisha unaweza, kuufuta huwezi.

Chukua Addis Ababa. Mwaka 2015 jiji lile lilifungua reli yake nyepesi, njia mbili zenye kilometa kama 34. Kuna vipande vilivyo juu ya nguzo na kipande kifupi kilichoingia chini, lakini sehemu nyingi inapita katikati ya barabara, imezungushiwa uzio. Ni nafuu kujenga, na treni haikwami kwenye foleni. Ila aliyezoea kuvuka kwenda dukani ng'ambo sasa anafuata uzio hadi kwenye kivuko, halafu anarudi umbali uleule upande wa pili. Gharama hiyo huikuti kwenye mkataba. Inalipwa kwa miguu, kila siku, na mama mwenye mtoto mgongoni.

Sasa tazama Nairobi. SGR ilipotaka kukatiza Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, mwaka 2016 kulizuka ubishi mkali, na watetezi wa mazingira wakaenda kuipinga mbele ya sheria. Hatimaye reli ilijengwa ndani ya hifadhi, lakini juu ya daraja la kilometa kama 6, twiga wapite chini yake. Treni zikaanza kupita 2019. Twiga siwaonei wivu jamani. Nauliza tu: kama mnyama alistahili kuachiwa njia, mtu wa mtaa wa kawaida je?

Hapo utasema, basi reli zote za mjini zifukiwe. Ngoja kwanza.

Huku kwetu Mwankoko, Manispaa ya Singida, SGR hatuioni. Tangu 2024 inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na njia inayoendelea kwenda Tabora inapitia Manyoni, zaidi ya kilometa 100 kutoka hapa. Lakini mkulima wa alizeti wa Mwankoko akinunua sabuni au vocha ya simu, kodi anakatwa kama wengine, na mikopo ya reli ni deni lake pia. Tuseme kesho Dar es Salaam itake treni ya mjini ipite chini kwa sababu nguzo zinaharibu sura ya jiji. Handaki hilo, ambalo ni ghali kuliko njia nyingine zote, atalilipia mtu ambaye pengine hatafika Posta maisha yake yote. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mkulima wa mbali hana uzito kwa mtu wa jijini, kama vile yule mama wa kwenye uzio asivyokuwa na uzito kwa sisi tulio mbali.

Kuna hoja moja inayonivuta upande wa handaki. Fedha inagawanyika, uzio haugawanyiki. Gharama ya handaki ikisambazwa kwa mamilioni ya watu, kila mmoja anabeba kidogo. Mtaa uliokatwa vipande viwili unabeba wote, peke yake. Lakini hoja hii ina tundu. Shilingi iliyoingia kwenye handaki haikuingia kwenye zahanati, na anayekosa dawa habebi kidogo. Naye anabeba wote, peke yake.

Kwa hiyo nadhani tusianze na juu au chini. Tuanze na hili: tukipita kwa njia ya bei rahisi, nani atakosa nini? Jibu likiwa ni njia ya kwenda shule, maji au hospitali, na daraja au kivuko cha kawaida hakitoshi, basi ichimbiwe, na mimi wa Mwankoko nichangie bila kinyongo. Jibu likiwa ni mandhari ya ghorofani na bei ya viwanja, wanaoyataka hayo wayalipie wenyewe. Katikati ya Dar es Salaam SGR imepita juu ya nguzo. Kelele zipo, kivuli kipo, lakini mtu anapita chini yake na shughuli zake. Si suluhisho la kupendeza kwa kila jicho, ila halijamfungia mtu njia.

Kinachobaki ni nani anaulizwa. Ubishi wa reli huwa kati ya serikali, wakandarasi na wakazi wa pale inapopita. Mlipaji wa mbali hayumo. Naamini angeitwa asingekataa, kwani anayezunguka mbali kutafuta maji hahitaji kuelezwa maana ya njia iliyokatwa. Angetaka tu ajue analipia njia ya mtu, au analipia dirisha lake.