Kupamba Jiko la Chumba cha Kupanga

Swali hili linarudi kila mara kwenye kikundi chetu cha vijana hapa Kampala: mkimbizi anayepanga chumba kimoja, ni haki atumie pesa kurembesha jiko? Sisemi kununua sufuria. Nasema taa, rangi, vitu vya kupendeza macho.

Mama mmoja jirani, mtu wa Uvira, alinijibu bila kuzunguka: "Mtoto wangu, nani anapamba kituo cha basi?" Na ana sababu. Ile pesa ya taa ingeweza kwenda kwa mdogo wako aliyeko kambini. Kodi nayo haingoji. Tena kuna lile ambalo wazee hawalisemi kwa sauti: wanaogopa ukishapazoea hapa, kwenu utasahau.

Ila mimi naangalia miaka. Kakuma ilifunguliwa 1992, Nyarugusu 1996. Kuna watu waliozaliwa humo na sasa wana watoto wao. Hicho si kituo cha basi tena, bana. Mtu akisema ataanza kuishi siku atakayoondoka, maisha yake yote anayaweka kiporo.

Sasa jiko lenyewe. Muzigo wa hapa unaujua: taa moja katikati ya dari, jiko kwenye kona nyuma ya pazia. Ukisimama kukata kitunguu, taa iko mgongoni, unakata ndani ya kivuli chako mwenyewe. Kwa hiyo taa ya chini ya rafu si urembo tu. Chukua mkanda wa LED wa volti 12. Unauzwa kwa rola ya mita 5, na gundi iko mgongoni. Unakatwa penye alama tu, kwa kawaida kila baada ya vitaa 3. Usiuchomeke moja kwa moja kwenye umeme wa volti 240, utaungua; tafuta adapta yake. Uwe mbali na moto na maji. Mita 2 za ule wa wati 4.8 kwa mita hazifiki hata wati 10. Lakini Yaka ikiwa ni ya pamoja, mwambie jirani kwanza, hata kama ni kidogo.

Hayo kila mtu anayakubali, maana yana faida. Ugumu unaanza kwenye kopo la maziwa ya unga. Unalitoboa kwa msumari matundu mengi, unalining'iniza juu ya balbu ya LED (kingo zake zisiguse waya), usiku ukuta unajaa nyota. Kopo hilo halisaidii kukata kitunguu. Ni uzuri mtupu. Watu wamezoea kutuhesabia mahitaji yetu: unga, mafuta, sabuni, blanketi. Uzuri haumo kwenye orodha ile, na sisi wenyewe tumeanza kuona aibu kuutaka. Aibu hiyo ndiyo naikataa, si ushauri wa yule mama.

Mpaka upo, sawa. Mdogo wako ale kwanza, ndiyo utoboe kopo. Na kila unachofunga kiwe cha kufunguka, ukihama ubebe taa yako.

Kuhusu mwenye nyumba kuona jiko linang'aa na kupandisha kodi, hilo halina falsafa. Mimi siku ya kulipa naenda kwake mwenyewe mapema. Simngoji afike mlangoni.